TIPPU TIP: JE, HII NDIYO SURA YAKE?

  Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Kwetu ni Ruiru, na kila asubuhi napanda matatu kuja shuleni hapa Thika. Wengi wenu hamlijui jina langu hasa. Mnanijua kwa jina moja tu, Tippu. Leo nataka kuwaeleza jina hilo lilitoka wapi, mwenye jina alikuwa mtu wa namna gani, na kwa nini naomba mniondolee.

Mambo yalianza tukiwa kidato cha pili. Katika somo la historia tuligawiwa karatasi za fotokopi juu ya biashara ya misafara. Kwenye pembe moja palikuwa na picha ya mzee aliyevaa kilemba. Kilemba kilikuwa cheupe pe, na uso ulikuwa mweusi tititi kama shimo katikati ya karatasi. Macho yalikuwa vidoa viwili tu. Chini yake paliandikwa Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa. Mtu mmoja wa dawati la nyuma akasema ati huyo ni mimi nikizeeka. Darasa zima likaangua kicheko. Nami nikacheka, maana ukikasirika ndipo wanazidi. Lakini jioni hiyo, nikiwa ndani ya matatu, nilijitazama kwenye kioo cha dirisha kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Nilikwenda maktaba ya umma hapa Thika, na mwalimu wetu wa Kiswahili akaniazima vitabu vyake. Haya ndiyo niliyoyapata.

Jina lake kamili lilikuwa Hamed bin Muhammed bin Juma el Murjebi. Alizaliwa Unguja yapata mwaka 1837. Ukoo wake ulitoka Oman, lakini ulikuwa umechanganya damu na watu wa bara, na yeye mwenyewe alikuwa mtu mweusi. Baba yake alikuwa mfanyabiashara aliyefanya makao Tabora na kuoa binti wa mtemi wa Unyanyembe. Kwa hiyo kijana Hamed alikua akisikia habari za misafara kama sisi tunavyosikia habari za mpira.

Alipokuwa na miaka 12 alianza safari fupi fupi za kuuza sandarusi, ule utomvu wa miti unaotengenezewa vanishi. Alipofika miaka 18 babake alimchukua hadi bara, naye akavuka Ziwa Tanganyika kutafuta pembe za ndovu. Baadaye akaanza kusafiri na mali yake mwenyewe, aliyokopeshwa na matajiri wa Kihindi wa Unguja. Wakati huo Ulaya na Marekani walitaka pembe nyingi sana. Walizitengenezea vibao vya piano, mipira ya bilyadi, vitana na vipini vya visu. Mtu aliyefika mbali zaidi alizipata kwa bei rahisi zaidi, na Hamed alikuwa tayari kufika mbali.

Mwaka 1867 aliingia nchi ya Itahua, kusini magharibi mwa Ziwa Tanganyika. Huko alitawala mtemi Nsama, ambaye jirani zake wote walimwogopa. Vita vikazuka. Hamed alijeruhiwa kwa mishale, lakini watu wake walikuwa na bunduki na Nsama hakuwa nazo. Boma la Nsama likatekwa pamoja na pembe tele. Mwaka huo huo msafiri David Livingstone, aliyekuwa akizunguka pande hizo, alikutana naye na kusaidiwa kwa chakula na watu wa kumwongoza njia.

Sasa tuje kwenye jina, na hapa ndipo nilipoanza kushtuka. Jina la Tippu Tip lina hadithi mbili. Yeye mwenyewe alieleza kwamba wenyeji walimpa jina hilo kwa ajili ya mlio wa bunduki zake, tip, tip, tip. Lakini wapo walioandika kwamba jina lilitokana na macho yake. Alikuwa na maradhi ya kupepesa kope, macho yanafumba na kufumbua bila yeye kutaka. Stanley naye, aliyekutana naye baadaye, aliandika habari za macho hayo yasiyotulia, akataja pia kwamba alikuwa mtu mrefu, mwepesi wa mwili, mwenye meno mazuri na adabu za kiungwana.

Basi nikaichukua tena ile fotokopi. Mbona sioni kope zinazopepesa? Mbona sioni uungwana? Naona doa jeusi tu. Nikajiuliza kama aliyeniita Tippu alinifananisha na mtu au na wino.

Jibu nililipata kwa mzee mmoja. Nyuma ya picha nyingi za zamani pale nyumbani kuna muhuri wa studio ya hapa Thika. Studio yenyewe ilishafungwa, na siku hizi mwanawe anauza simu na kava zake mle mle ndani. Lakini mzee bado huja kukaa mlangoni akiota jua. Nilimsalimu, nikamwita guka kama ilivyo desturi yetu, nikamwonyesha ile karatasi. Aliishika mbali na macho, akaigeuza huku na huku, kisha akaniuliza kama nimewahi kuingia chumba cha giza. Nikasema sijawahi.

Akanieleza kwamba zamani za picha nyeusi na nyeupe alikuwa akisafisha picha gizani, lakini si giza kabisa. Alikuwa na taa nyekundu. Taa hiyo ingewaka saa nzima na karatasi ya picha isiharibike. Akaniuliza ni kwa nini. Nikanyamaza. Akasema ni kwa sababu karatasi ile haiioni nyekundu. Kwake nyekundu na giza ni kitu kimoja.

Jamani, hapo ndipo nilipoelewa. Guka alisema kwamba kabla ya filamu watu walipiga picha kwa vioo. Mwaka 1851 Mwingereza Frederick Scott Archer alitangaza njia ya kupaka kioo maji mazito yaitwayo kolodioni, kisha kukitia kwenye dawa ya fedha. Kioo kilipaswa kuingia kwenye kamera kikiwa kibichi na kusafishwa kabla hakijakauka. Kufikia miaka ya 1880 vilikuwa vimeenea vioo vikavu vya kununua dukani, kazi ikawa rahisi. Hata Unguja kulikuwa na studio, kama ile ya Mgoa A. C. Gomes. Lakini ugonjwa ulikuwa mmoja. Vioo hivyo viliona bluu vizuri sana, na nyekundu haviioni kabisa. Hata vilipoboreshwa vikaanza kuona kijani na manjano, nyekundu ilibaki giza. Vioo vinavyoona rangi zote vilianza kuuzwa mwaka 1906.

Sasa tazama mkono wako, msomaji. Ngozi yetu ya kahawia imejaa wekundu na manjano. Ndiyo maana jua la jioni likikupiga unang'aa kama shaba. Kioo cha zamani hakikuuona mng'ao huo. Kilichukua bluu kidogo inayotoka kwenye ngozi, basi, na kilichobaki kikawa giza. Mtu wa kahawia akatoka mweusi, na mtu mweusi akatoka kama mkaa. Wazungu nao hawakupona. Uso uliochomwa na jua ukawa wekundu ulitoka na giza, kila chunusi na kila doa likaonekana kama matope, na macho ya bluu yalitoka meupe kama ya kipofu. Mbingu yenye mawingu mazuri ilitoka karatasi tupu.

Guka aliongeza mambo mengine matatu. La kwanza ni kilemba. Kitu cheupe na uso mweusi havitaki mwanga sawa. Mpiga picha akihesabu mwanga wa kilemba, uso unazama. Akihesabu mwanga wa uso, kilemba kinaungua. Yeye mwenyewe, kila alipompiga bibi harusi mweusi mwenye gauni jeupe, alisogeza taa karibu na uso na kuombea mema. La pili ni kutulia. Ndani ya studio za kale mtu alikaa bila kutikisika kwa sekunde kadhaa, na mara nyingi nyuma ya shingo yake palikuwa na chuma cha kumshikilia kichwa. Nani atatabasamu akiwa ameshikwa shingo? Na mtu anayepepesa kope, kupepesa kwenyewe hakuonekani. Ni kufumba kwa mara moja kunakopotea ndani ya zile sekunde, na macho yanabaki yamefifia kama yana ukungu.

La tatu ni kunakili. Picha ikitolewa kwenye picha, na nyingine ikatolewa kwenye hiyo, kila mara rangi za katikati zinakufa. Weusi unakuwa mweusi zaidi, weupe unakuwa mweupe zaidi. Ile iliyofika darasani kwetu ilikuwa imezaliwa mara nyingi mno.

Nikamuuliza guka kama basi Tippu Tip hakuwa mweusi. Akacheka hadi akakohoa. Akasema alikuwa mweusi kama mimi na kama yeye, na weusi haukuwa kosa la mtu yeyote. Kosa lilikuwa la kioo kutojua kuusoma.

Turudi kwa maisha yake. Baada ya kumshinda Nsama, Tippu Tip alisonga magharibi hadi nchi ya Utetera, katika Kongo ya leo. Huko alifanya ujanja ambao ungefaa mchezo wa kuigiza. Alimwambia mtemi mzee Kasongo Rushie kwamba wao ni ndugu, eti bibi yake alitekwa zamani kutoka ukoo huo. Mzee akaamini, akamwachia utawala. Toka hapo Tippu Tip akawa hakimu, mkusanya pembe na mkuu wa jeshi katika nchi kubwa kuzunguka mji wa Kasongo. Mwaka 1874 alikutana na Mwingereza Verney Lovett Cameron na kumsaidia safari yake.

Mwaka 1876 akaja Henry Morton Stanley, aliyetaka kuufuata mto Kongo hadi mwisho. Wakapatana kwamba Tippu Tip amsindikize vituo 60 kwa malipo ya reale 5,000. Waliingia msituni. Njia ilikuwa ngumu, ndui ikaua watu wengi, na kabla ya mwaka kwisha Tippu Tip akarudi nyuma na watu wake, Stanley akaendelea kwa mitumbwi. Na sasa sikieni haya. Miaka ilipopita, Tippu Tip aliwalalamikia Wazungu waliozungumza naye kwamba Stanley alimwahidi mali nyingi, lakini alichotumiwa ni picha ya Stanley mwenyewe. Picha! Niliposoma hayo nilicheka peke yangu maktabani hadi nikatazamwa vibaya.

Mwaka 1887 Stanley alirudi na ombi jipya. Mfalme Leopold wa Ubelgiji, aliyejitwalia Kongo, alimtaka Tippu Tip awe gavana wa Maporomoko ya Stanley, mahali panapoitwa Kisangani siku hizi, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Alikubali. Walipanda meli moja kutoka Unguja, wakazunguka Rasi ya Tumaini Jema hadi mlango wa mto Kongo. Lakini mkubwa akishapata miguu ya kusimamia, hamhitaji tena aliyemshika mkono. Mwaka 1890 Tippu Tip aliondoka Kongo, akafika Unguja mwaka uliofuata. Nyuma yake vita vilizuka kati ya majeshi ya Leopold na Waarabu na Waswahili wa huko, kuanzia 1892 hadi 1894. Mwanawe Sefu alikufa katika vita hivyo mwaka 1893.

Unguja alikaa kama tajiri. Inaandikwa kwamba kufikia mwaka 1895 alikuwa na mashamba 7 na watumwa 10,000. Aliandika pia habari za maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode akazigeuza kwa herufi za Kirumi na kuzitafsiri, zikachapishwa miaka ya 1902 na 1903. Sisi wapenzi wa Kiswahili tuna deni hapo, kwa sababu hicho ni kimoja cha vitabu vya mwanzo ambamo mtu amesimulia maisha yake mwenyewe kwa nathari ya lugha yetu. Alifariki Unguja mwezi wa Juni mwaka 1905, mwaka mmoja tu kabla ya vile vioo vinavyoona rangi zote kuanza kuuzwa. Nyumba yake bado iko Mji Mkongwe.

Msomaji, nilipofika hapo nilikuwa nimeanza kumpenda. Nilikuwa nimemhurumia kwa ajili ya ile picha, nikasahau sehemu ya pili ya maandishi yaliyokuwa chini yake. Nikakisoma kitabu chake tena. Kimejaa pembe, vita, safari, mikopo na watemi. Watu waliofungwa minyororo wanapita humo haraka haraka, wachache, bila majina. Lakini pembe hazikutembea zenyewe hadi pwani. Zilibebwa na wapagazi wa kulipwa na watumwa pia, na vijiji vilichomwa ili zipatikane. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na hali ya utumwa ikaondolewa kisheria huko mwaka 1897, lakini kwa wengi waliotembezwa kutoka Kongo muda ulikuwa umepita.

Nikamkumbuka guka na taa yake nyekundu. Kumbe kitabu cha Tippu Tip nacho ni kama kioo cha zamani. Kinaona pembe vizuri sana, na kuna rangi moja hakiioni. Rangi hiyo ni watu.

Sasa nataka kuwakumbusha mkutano wetu wa muhula uliopita, maana baadhi yenu mlidhani ulikuwa mchezo. Nilileta ile karatasi laini ya bluu ya kufungia zawadi, nikaikunja mara nne, nikapitisha kwa kila mtu aangalie. Kwanza tulitazama nyanya nilizonunua sokoni. Mkasema zimegeuka biringani. Kisha tukatazamana. Naibu wa mwenyekiti wetu, ambaye ni maji ya kunde na anajivunia sana, alitoka na madoadoa kama chui kwa sababu ya chunusi zake. Mwenye fulana nyekundu alionekana amevaa nyeusi. Nami nilikuwa mweusi zaidi, ndiyo, lakini kila mtu alikuwa mweusi zaidi. Yule aliyenipa jina aliangalia mkono wake kwa muda, akaangalia uso wangu, akarudisha karatasi bila kusema neno. Hiyo ilinitosha.

Wazee husema usimlaumu dobi, kaniki ndiyo rangi yake. Zamani methali hii nilikuwa naichukia, nikidhani inanisema mimi. Sasa naona ina maana nzuri tu: rangi haina mashtaka. Sina haja dobi anitakatishe, wala sitafuti kioo cha kunifanya maji ya kunde. Nataka tu kutazamwa kwa mwanga unaotosha.

Ndiyo maana naomba jina la Tippu liishie katika toleo hili. Siliachi kwa sababu mwenyewe alikuwa mweusi, maana weusi wetu tunashirikiana naye na simnyimi. Naliacha kwa sababu ya wale waliofungwa minyororo ambao hawakupigwa picha wala kuandikwa majina. Sura yake tusiihukumu, kwa kuwa iliharibiwa na vioo, vyuma vya shingo na fotokopi. Matendo yake tuyahukumu, kwa kuwa hayo hayakuharibiwa na mtu yeyote.

Na ukiwa na picha ya zamani nyumbani, ya shosho au guka ambaye hukumkuta, ambaye anaonekana mkali na mweusi kupita wote, usimwogope. Muulize anayemkumbuka kama alikuwa mtu wa kucheka.

Jina langu hasa liko kwenye orodha ya wanachama, nambari ya 17. Niiteni hilo. Kwaherini hadi toleo lijalo.